Sauti Juu ya Sauti

Mtu aimbaye peke yake ana koo moja na mikono miwili. Kwa mikono hiyo aweza kupiga gitaa, na kwa koo hilo aweza kuimba. Lakini hawezi kujiitikia, wala hawezi kupiga gitaa la pili hali la kwanza lingali mikononi mwake. Tangu zamani watu waliuziba upungufu huu kwa kutafuta wenzi. Mwenye sauti nzito alimtafuta mwenye sauti nyembamba, mpiga gitaa alimtafuta mpiga ngoma, na wote walipatana saa na mahali pa kukutana. Kundi la muziki lilikuwa kwanza ujirani, kisha ndipo likawa sanaa. Palikuwa na kungojana ndani yake, na kugombana, na kupatana tena. Na ugomvi mwingi wa makundi hayo ulihusu wakati: nani kachelewa kuja, na nani kaharakisha mdundo.

Mashine ya kunasa sauti imeondoa haja ya ujirani huo. Leo mtu mmoja, akiwa amefunga mlango wa chumba chake, aweza kupiga gitaa la kwanza na kulinasa. Akalisikiliza masikioni na huku akipiga la pili juu yake. Kisha akaimba juu ya yote mawili. Kisha akajiitikia mara tatu, akawa kundi la watu wasiokuwapo. Kazi hii ni kutia sauti juu ya sauti. Anayeifanya hulipata kundi bila ya kumsihi mtu, bila ya kumlisha mtu, na bila ya kumngoja mtu. Lililobaki kuulizwa ni kama lile alipatalo ni kundi kweli.

Jambo lenyewe si geni. Katika mwezi wa Aprili mwaka 1941 Sidney Bechet, mzaliwa wa New Orleans katika Marekani, alipiga peke yake ala sita za wimbo mmoja, "The Sheik of Araby": klarineti, saksofoni mbili za namna mbalimbali, piano, besi na ngoma. Kila ala iliponaswa ilichanganywa na zile zilizotangulia, na mchanganyiko huo ukachongwa juu ya sahani mpya. Watu walistaajabu, lakini walistaajabu kama wastaajabuvyo mbele ya mwanasarakasi, kisha wakaenda zao. Aliyeifanya kazi hii kuwa sanaa alikuwa mpiga gitaa Les Paul. Katika gereji ya nyumba yake huko Hollywood alikuwa na mashine za kuchonga sahani. Alipiga gitaa moja likachongwa katika sahani ya kwanza, akaipiga sahani hiyo huku akipiga gitaa la pili, na yote mawili yakachongwa katika sahani ya pili, na kadhalika. Wimbo wa "Lover", uliotoka mwaka 1948, ulikuwa na magitaa manane, na yote manane yalikuwa yake.

Katika njia hiyo palikuwa na sheria moja kali. Sauti iliyohamishwa kutoka sahani hadi sahani hufifia kila ihamapo, kama nguo ifuliwavyo mara nyingi ikapoteza rangi. Gitaa lililotangulia lilihama mara saba kabla ya kazi kwisha. La mwisho halikuhama hata mara moja. Kwa sababu hii Les Paul alianza na sehemu zisizo na uzito mkubwa, zile ambazo zikififia hapana atakayelalamika, akauweka mwisho wimbo wenyewe, yaani ile sehemu ambayo msikilizaji angeondoka nayo akiiimba njiani. Wa kwanza kuingia alikuwa mdogo wa wote. Tena kosa lililofanywa katika sahani ya sita halikuweza kutengenezwa katika sahani ya saba. Lilirudisha kazi nyuma. Ulipokuja utepe wa sumaku mambo yalirahisika kidogo tu. Les Paul aliongeza kichwa cha kusomea katika mashine moja, ili sauti ya kwanza isomwe, ichanganywe na sauti mpya, na kunaswa papo hapo katika utepe uleule baada ya ile ya zamani kufutwa. Mkewe Mary Ford aliimba sauti zake nyingi kwa njia hiyo. Kikohozi kimoja kiliweza kuangamiza kazi ya siku nzima, maana iliyotangulia ilikwisha kufutwa wakati kikohozi kinatoka.

Mwaka 1957 kampuni ya Ampex ilimtengenezea mashine ya utepe mpana wenye njia 8, kila njia na sauti yake, kwa bei ya dola 10,000, fedha iliyotosha wakati ule kununua nyumba. Hapo ndipo sauti ya kwanza ilipopata haki ya kuishi pamoja na ya mwisho bila ya kufutwa wala kufifia. Mashine hiyo ilikuwa na werevu mmoja ambao hausemwi sana. Katika mashine za utepe kichwa kinasacho na kichwa kisomacho hukaa mbalimbali. Utepe ukikimbia sentimita 38 kwa sekunde, na vichwa vikiwa vimeachana kwa sentimita 5, yule asikilizaye kichwa kisomacho husikia jambo lililopita zaidi ya sehemu 130 katika elfu za sekunde. Akipiga gitaa kwa kulifuata, gitaa lake litanaswa nyuma ya wakati kwa kiasi hicho. Mafundi waliponya ugonjwa huu kwa kukifanya kichwa kinasacho kisome pia, ili ya kale na ya sasa zikutane mahali pamoja. Ugonjwa huo ulipona katika utepe, ukaja kuzuka upya katika kompyuta.

Sasa kazi ile ya dola 10,000 hufanywa kwa kisanduku kidogo kiwezacho kubebwa mfukoni mwa koti. Mafundi hukiita intafesi. Upande mmoja kina matundu ya kuchomekea maikrofoni na gitaa. Upande wa pili kina waya uendao katika kompyuta. Kazi yake ni ukalimani. Sauti ya mtu na ya uzi wa gitaa ni mawimbi, na kompyuta haijui mawimbi, yajua hesabu. Kwa hiyo kisanduku hulipima wimbi mara 48,000 katika kila sekunde, au mara 44,100 kama ilivyo katika sahani za diski, na kila kipimo hukiandika kwa namba. Uzi mnene wa gitaa hutetemeka kiasi cha mara 82 kwa sekunde, na sikio la kijana halisikii mtetemo uzidio mara 20,000. Basi vipimo hivyo vinatosha, maana hesabu yataka vipimo vizidi maradufu ya mtetemo wa juu kabisa. Sauti itokapo hufanyiwa ukalimani wa kurudi, namba zikawa mawimbi tena, na mawimbi yakaingia masikioni.

Gitaa la umeme lina tundu lake, na maikrofoni ina lake, wala si vyema kuyachanganya. Gitaa likichomekwa mahali pasipo pake sauti yake hunyong'onyea na ukali wake hufa. Maikrofoni za namna moja hazisemi mpaka zipewe umeme wa volti 48 kwa waya uleule upelekao sauti. Kipimo cha nguvu yafaa kiachwe chini, kwa sababu namba zina dari. Wimbi likiipiga dari kichwa chake hukatwa, na kilichokatwa hakirudishwi na dawa yoyote. Haya yote hujifunzwa kwa jioni mbili. Lisilojifunzwa kwa jioni mbili ni wakati.

Ukalimani huchukua muda. Namba hazipelekwi moja moja. Hukusanywa kwanza, kama abiria wangojwavyo mpaka basi lijae. Mwenye kompyuta huchagua ukubwa wa basi hilo: namba 64, 128, 256, au 1,024. Namba 256 kwa mwendo wa 48,000 huchukua sehemu 5 na kidogo katika elfu za sekunde kukusanyika. Na kwa kuwa pana safari ya kwenda na ya kurudi, mpigaji hujisikia baada ya sehemu zipatazo 11, na zaidi kidogo kwa kazi ya kisanduku chenyewe. Kwa basi la namba 1,024 hungoja zaidi ya sehemu 42. Msomaji aweza kuona kuwa haya ni madogo mno. Lakini katika hewa sauti hwenda kiasi cha mita 343 kwa sekunde, yaani sentimita 34 kwa kila sehemu moja ya elfu. Mtu ajisikiaye baada ya sehemu 11 ni kama apigaye gitaa huku masikio yake yako kiasi cha mita tatu na robo tatu mbele yake, jambo ambalo wapigaji wa jukwaani wamelizoea. Bali yule ajisikiaye baada ya sehemu 42 ni kama masikio yake yako ng'ambo ya barabara. Hugusa uzi, na uzi humjibu kutoka mbali. Mkono humngoja mkono. Naye, bila ya kujua, hupunguza mwendo ili apatane na mwangwi wake mwenyewe, na mwangwi nao hupunguza, na wimbo ukazama kama mtumbwi uliotoboka.

Basi likifanywa dogo mno, kompyuta hushindwa kulijaza na kulishusha kwa wakati, na sauti hukatika kwa mialiko kama kuni mbichi motoni. Kwa hiyo visanduku vingi vina njia ya mkato: sauti ya mpigaji hurudishwa masikioni mwake moja kwa moja bila ya kupita katika kompyuta, nayo kompyuta humletea zile zilizonaswa zamani tu. Programu nayo hulijua deni la wakati, na sauti mpya ikisha kunaswa huisogeza nyuma kwa kiasi cha deni, ili ikae palepale ilipokusudiwa. Hata hivyo kisanduku kingine husema uongo juu ya deni lake. Fundi mwangalifu humjaribu msema uongo huyu kwa njia rahisi: huweka hedifoni juu ya maikrofoni, akapiga mdundo wa mashine, akaunasa, kisha akatazama kama mdundo ulionaswa umekaa juu ya ule wa asili. Ukiwa nyuma kwa namba 300, basi kila gitaa litakalonaswa litakuwa nyuma kwa sehemu 6 na robo. Na magitaa manne yaliyochelewa hivyo kila moja huwa kama mikutano ya ofisi, ambayo kila mtu yupo na haianzi.

Yupo mwalimu mmoja wa shule ya msingi mjini Tanga aliyeyajua haya yote kwa kuyafanya. Katika ujana wake walikuwa watatu. Yeye alipiga gitaa la rithim na kuimba. Wa pili alipiga gitaa la solo. Wa tatu alipiga kayamba na kuitikia. Hawakupata sifa nje ya mitaa miwili, na nyimbo zao hazikunaswa na mtu. Mpiga solo alihamia Maskati kutafuta maisha. Mwitikiaji alifariki. Mwalimu alibaki na nyimbo kumi na nne kichwani na gitaa moja ukutani. Alipokaribia kustaafu alinunua kompyuta iliyokwisha tumika, kisanduku, maikrofoni na hedifoni, akaazimia kuzinasa nyimbo zile peke yake kabla hazijamfuata yule wa tatu.

Kazi ilimtaka kuushinda mji kwanza. Mchana kunguru wa Tanga hawana adabu mbele ya maikrofoni, na pikipiki hazina saa ya kupumzika. Alifanya kazi usiku, baina ya saa nne na saa saba. Alitundika magodoro kwenye kuta mbili na blanketi mlangoni. Pangaboi lilipaswa kuzimwa, maana maikrofoni husikia upepo ambao mtu ameusahau, na katika joto la Februari jasho lilimtiririka mpaka kwenye nyuzi. Gitaa lilipovuma kwa umeme wa mizunguko 50 aligundua kwamba akigeuza kiti chake kuelekea dirishani mvumo ulipungua nusu, akaweka alama sakafuni kwa chaki. Mbele ya maikrofoni alifunga kitambaa chepesi kwenye waya uliopindwa, kwa sababu herufi ya P katika neno kama pwani hutoka na pumzi nzito ipigayo maikrofoni kama ngumi.

Gitaa la rithim alilinasa kwa usiku mmoja. Kisha akapiga solo mwenyewe, kwa kumkumbuka mwenzake. Kisha akaimba. Kisha akajiitikia kwa sauti tatu. Katika kuitikia alijifunza jambo ambalo waimbaji wa studio hulijua: sauti mbili za mtu mmoja zikiimba neno moja, irabu huungana kama maji na maji, na Kiswahili kina baraka hapo, maana karibu kila neno lake huishia kwa irabu. Lakini herufi ya S haiungani. Palipo na maneno kama sisi sote, S za sauti nne hazitoki kwa nukta moja, na msikilizaji husikia nyoka wanne wakipita mmoja baada ya mwingine. Dawa ni kwamba sauti moja itamke S kwa ukamilifu, na nyingine ziilambe tu. Mwalimu, ambaye kwa miaka thelathini alikuwa amewakemea watoto kwa kumeza herufi, alikaa gizani akijifunza kumeza herufi.

Mtu asikiapo sauti yake iliyonaswa kwa mara ya kwanza hudhani si yake. Asemapo hujisikia kwa njia mbili, hewani na kwa mifupa ya kichwa chake, na mifupa huongeza uzito. Maikrofoni haina mifupa. Kwa hiyo kujiitikia ni kuimba pamoja na mtu mwembamba kuliko alivyojidhania. Wengi hulipenda jambo hili mpaka likawa desturi: huimba ubeti uleule mara mbili, sauti moja juu ya nyingine, ili zionekane nene. The Beatles walichoshwa na kuimba kila wimbo mara mbili, na mwaka 1966 fundi wao Ken Townsend katika studio za Abbey Road alibuni njia ya kuifanya mashine ya pili izae kivuli cha sauti, kikiyumba kidogo mbele na nyuma ya mwenyewe. Sikio lilidanganyika kwa sababu ya kule kuyumba. Kivuli kisichoyumba hakisikiki kuwa mtu wa pili. Husikika kuwa ni mtu yuleyule amepandishwa nguvu tu.

Wimbo wa mwalimu ulipokamilika aliusikiliza asubuhi, akaona una kila kitu ila hauketi. Alihesabu midundo kwa saa. Mwanzo wake ulikuwa midundo 96 kwa dakika, mwisho wake ulikuwa 102. Rithim ilikuwa imeharakisha, ambalo si ajabu, maana hakutumia mdundo wa mashine. Ajabu ilikuwa kwamba hakuna aliyeipinga. Solo iliharakisha palepale rithim ilipoharakisha. Sauti zote nne zilivuta pumzi mahali pamoja na kukimbilia mwisho wa mstari kwa pamoja, kama wanafunzi waliosikia kengele. Zamani alipokuwa akikimbia hivyo mwitikiaji aliishikilia kayamba yake nyuma, kwa ukaidi, mpaka gitaa likaona haya na kurudi. Sasa kundi zima lilikuwa la watu wenye kasoro moja, nao walipatana kabisa.

Hapa ndipo ilipo tofauti, wala kisanduku kizuri zaidi hakiiondoi. Watu wawili wapigapo pamoja kila mmoja humsikia mwenzake na kumpa kitu: huyu husogea nyuma kidogo, yule hungoja kidogo, na wakati wa wimbo hukaa baina yao, si wa huyu wala wa yule. Mtu apigapo juu ya sauti iliyonaswa, husikia lakini hasikiwi. Yule wa jana hawezi kumngoja. Akikosea, kosa lake limekuwa sheria, na wa leo hana budi kulifuata kwa usahihi, na kadiri alifuatavyo vizuri ndivyo kosa linavyoonekana kuwa ndilo lililokusudiwa.

Yafaa kumkumbuka hapa Jean Bosco Mwenda wa Katanga. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimnasa huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, akiwa na gitaa lake moja. Katika kipande kiitwacho "Masanga" kidole gumba hutembeza besi na kidole cha shahada hupiga wimbo juu yake, kila kimoja kwa mdundo wake, na asiyejua hudhani ni magitaa mawili. Hapana sauti iliyotiwa juu ya sauti pale. Wote wawili ni mtu mmoja, lakini ni mtu mmoja kwa wakati mmoja: gumba lasikia kidole na kidole chasikia gumba. Wako wasemao kwamba ustadi kama huo umepitwa na wakati tangu mashine ziweze kumpa kila mtu magitaa mengi apendavyo. Wasemao hivyo hawajajaribu kupiga sehemu mbili za "Masanga" kwa nyakati mbili na kuzipandanisha. Huweza kupatana kwa hesabu, na bado zisijuane.

Mwalimu alijaribu dawa ya kwanza, ambayo ni mdundo wa mashine masikioni. Wimbo ulinyooka ukawa paredi. Akajaribu dawa ya pili, ambayo ni bora: kunasa gitaa la kuongozea tu, kuimba juu yake mpaka sauti ipate mahali pake, kisha kulitupa lile gitaa na kupiga jipya kwa kuifuata sauti. Kwa njia hii mwimbaji na mpigaji hupokezana uongozi, na wimbo hupata kitu mfano wa mazungumzo, japo ni mazungumzo ya barua. Mafundi wengi hufanya hivyo, na hufanikiwa. Tatizo la dawa hii ni kwamba haina mwisho. Kompyuta haina njia 8 wala 24, ina kadiri mtu atakavyo, na kila kilichonaswa chaweza kunaswa tena bila ya kufifia. "Sgt. Pepper" ya mwaka 1967 ilitengenezwa kwa mashine za njia 4, na kila zilipojaa wahusika walilazimika kuzichanganya na kuamua, Bruce Springsteen alinasa nyimbo za "Nebraska" katika chumba cha nyumba yake mwanzoni mwa mwaka 1982 kwa mashine ya kaseti yenye njia 4 tu, alizikusudia ziwe kielelezo cha kuwaonyesha wenzake, na kaseti hiyo ndiyo iliyokuja kuwa santuri. Njia zilipokwisha, kazi ilikwisha. Mwalimu alikuwa na sauti kumi na moja za kiitikio kimoja, kila moja bora kidogo kuliko iliyotangulia na baridi kidogo kuliko iliyotangulia.

Hatimaye aliupeleka wimbo Maskati. Alimpelekea mwenzake rithim na sauti ya kuongoza, si solo aliyoipiga mwenyewe. Majibu yalikuja baada ya siku tatu: "Salaam aleikum, mwalimu. Wimbo unakimbia. Nani anakufukuza?"

Wiki mbili baadaye solo ilikuja. Katika kazi ya namna hii kila mmoja hunasa upande wake na kupeleka sauti nzima kuanzia mwanzo kabisa wa wimbo, hata kama hakupiga kitu dakika ya kwanza. Kimya nacho hutumwa, ili pande zote mbili zipandane bila ya kubahatisha. Wimbo wa dakika nne, kwa vipimo 48,000 vyenye baiti tatu kila kimoja, huwa na baiti zipatazo milioni 34 na nusu, na intaneti ya usiku iliuchukua mzigo huo bila ya kulalamika. Mpiga solo alikuwa amepiga makofi manne mwanzoni juu ya makofi manne ya mwalimu, kama walivyopatana, kuwa alama.

Mwalimu alisikiliza, na solo ilikuwa nyuma. Haikuwa nyuma sana, lakini katika kila mstari iliingia baada ya pale ilipotazamiwa, kama mtu abishaye hodi mlango ukiwa wazi. Akashuku kisanduku cha Maskati. Akayapanua makofi manne kwenye kioo cha kompyuta mpaka wimbi likawa pana kama kiganja, akayapima moja moja. Yalikaa juu ya yake bila ya tofauti ya kusemwa. Mashine haikuwa na hatia. Kuchelewa kulikuwa kwa mtu, na alipofumba macho alikutambua: ndivyo alivyopiga siku zote, akiuburura wimbo kwa nyuma, na ndiyo sababu waligombana naye kila Jumamosi, na ndiyo sababu watu wa mitaa ile miwili walicheza.

Katika programu pana njia ya kuisogeza sauti mbele mpaka ilale juu ya mdundo. Hufanywa kwa kubofya mara moja. Mwalimu hakuisogeza. Alifuta solo yake mwenyewe na vile viitikio kumi na kimoja. Kisha akazima mdundo wa mashine, akavaa hedifoni, akalizima pangaboi, akapiga rithim upya kutoka mwanzo kwa kuifuata solo ya Maskati, akiikawiza pale ilipokawia. Usiku wa nne akaimba. Chini ya ubeti wa pili yasikika, kwa mbali, adhana ya alfajiri, kwa kuwa alipitiwa na saa, aliiacha. Mahali pa kiitikio hakuingiza sauti ya mtu. Gitaa la rithim laenda peke yake kwa mizunguko minane, solo ikinyamaza, kisha ubeti wa tatu waanza.